Cheti Hakioni Kilicho Chini ya Maji

Wenye meli na boti za abiria, manahodha, nanyi wasafiri: tahadhari. Ukaguzi wa aina moja unafanywa kuwa badala ya mwingine, na hapo ndipo watu wanapofia.

Mkaguzi anayepanda chombo kikiwa kimefungwa gatini huona majaketi okozi, pampu, redio na mitungi ya kuzimia moto. Mkuku haoni. Bati lililoliwa na kutu chini ya ngama haoni, wala rafadha iliyolegea. Hayo huonekana chelezoni, chombo kikiwa kikavu na mabati yakipimwa unene. Kanuni za kimataifa zinataka meli itazamwe chini angalau mara 2 kila miaka 5. Boti zetu nyingi haziendi ng'ambo, lakini chumvi inayozila ni ileile.

Ukiongeza sitaha au ukabadili injini, cheti cha zamani hakikihusu tena chombo hicho. Uthabiti upimwe upya: uzito unaojulikana husogezwa ubavu hadi ubavu, wapimaji wakasoma chombo kimelala kiasi gani. Ukigonga mwamba, hata kwa kukwaruza tu, unahitaji ukaguzi wa madhara. Usitoe maji kwa pampu ukaondoka. Ufa hauzibwi kwa pampu.

Wanunuzi wa feri kuukuu ndio wanaonitia hofu zaidi. MV Skagit iliundwa mwaka 1989, ikabeba abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 18 Julai 2012, msimu wa kusi, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Peleka mkaguzi wako mwenyewe, usikubali ripoti ya muuzaji, na umuulize kwanza: chombo hiki kiliundiwa maji gani?

Hata chombo kizima hakihimili watu kupita kiasi. Feri ya MV Nyerere iliruhusiwa kubeba watu 101. Ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, waliokufa peke yao walizidi 220.

Msafiri, tafuta idadi ya abiria iliyoandikwa chomboni. Ukiona wamezidi, shuka, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Na wewe ambaye boti yako imegusa mwamba wiki hii, ifunge gatini na umwite mkaguzi kabla ya safari ya kesho asubuhi.