Kompyuta ya zamani iwake, betri yake isibaki sakafuni

Shule zimefungwa na kijana wa kidato cha pili anataka kompyuta ya kujifunzia kuchapa. Bei ya mpya haishikiki. Baba anakumbuka ile ya mezani iliyokaa stoo miaka minne, juu yake pamewekwa ndoo ya rangi. Inaletwa sebuleni, inachomekwa kwenye umeme na kitufe kinabonyezwa. Feni inazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi.

Hapo ndipo bisibisi inapotafutwa na watoto wote wanaizunguka meza. Ni jambo jema, kwani kompyuta iliyolala muda mrefu mara nyingi huwa na tatizo dogo linaloweza kumalizwa nyumbani. Lakini kuifungua kuna hatari zake, na moja kati ya hizo wazazi wengi hawaijui.

Kwanza ni umeme. Waya uchomolewe ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki ndani upungue. Baadhi ya kompyuta za zamani zina swichi ndogo nyuma, penye waya wa umeme, yenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230, hivyo swichi ikiwa kwenye 115 kompyuta inaweza kuungua mara inapowashwa. Lile boksi la chuma linalopokea waya huo lisifunguliwe kabisa. Vifaa vilivyomo huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa, na unaweza kumrusha mtu.

Pili ni vumbi. Likasafishwe nje ya nyumba kwa brashi laini na kavu, anayesafisha akiwa amefunika pua na mdomo. Mtoto mwenye pumu akae mbali.

Baada ya hapo aangaliwe mshukiwa mkuu, yaani RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu. Kikilegea au meno yake yakiwa na uchafu, kompyuta huweza kulia pii pii bila kuonyesha kitu. Mafundi wengi hukitoa, hufuta meno hayo taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha hukirudisha na kukibana sawasawa. Mara nyingi kioo huwaka hapohapo.

Ikiwaka lakini ikaonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, au ikasahau mipangilio yake kila inapozimwa, betri ya saa imekwisha. Hii ni betri ndogo, bapa na ya duara, inayong'aa kama sarafu. Nyingi huandikwa CR2032, maana yake upana wake ni milimita 20 na unene milimita 3.2. Bei yake ni ndogo na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Swali ni je, ile ya zamani imewekwa wapi?

Kwa kawaida huachwa pembeni ya meza. Inadondoka, inaviringika chini ya kochi, na mtoto wa mwaka mmoja anayeokota kila kitu anaitia mdomoni. Betri ya ukubwa huo hukwama kwa urahisi kwenye koo la chakula la mtoto mdogo. Ikigusa nyama zenye unyevunyevu, umeme wake hutengeneza kemikali kali inayounguza, ya aina ileile ya kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Wapo watoto waliopoteza maisha kwa njia hii katika nchi mbalimbali.

Kusema betri "imekufa" si kinga. Betri isiyoweza tena kuendesha saa ya kompyuta bado huwa na nguvu ya kuunguza koo.

Mtoto anaweza kudondokwa mate, kukohoa, kukataa kula, kutapika au kulia akimeza. Anaweza pia asionyeshe dalili yoyote. Hivyo mzazi akishuku tu, asisubiri dalili wala choo cha kesho. Amkimbize hospitali yenye eksirei na aseme wazi mapokezini: "Mtoto amemeza betri." Kwenye picha betri hufanana na sarafu, kwa hiyo neno hilo moja linaweza kuokoa muda.

Asimtapishe na asimpe chakula. Kama mtoto amezidi miezi 12, anameza vizuri na hazijapita saa 12, anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, wakiwa njiani. Asali hupunguza makali ya kuungua, lakini haitoi betri. Safari isicheleweshwe kwa kuitafuta, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Betri ikiingia puani au sikioni, hiyo nayo ni dharura. Asiwekewe dawa ya matone.

Kinga yenyewe ni rahisi. Wadogo wapelekwe chumba kingine kabla kasha halijafunguliwa. Betri ikitoka, ifungwe hapohapo kwa selotepu pande zote mbili, iwekwe juu wasipofika, kisha akabidhiwe fundi au muuzaji anayepokea betri chakavu. Mpya nazo zifungiwe. Mwisho wa kazi, skrubu na betri zihesabiwe kabla mtoto hajarudi sakafuni.

Pale sebuleni, kioo kimewaka na kijana anachapa jina lake kwa kidole kimoja. Baba bado amepiga magoti, anamulika chini ya kochi kwa tochi ya simu. Hajamaliza kazi mpaka aione ile betri.