Akina mama wa ziwani walioifundisha dunia saikolojia

Mzazi, kama una kijana anayesomea ualimu, uuguzi au udaktari hapa Mwanza, muulize amejifunza nini katika saikolojia. Huenda akakutajia Freud, Pavlov na Piaget, na nadharia ya kila mmoja kama alivyoikariri kwa ajili ya mtihani. Muulize tena: watu hao waliishi vipi, na waliyajuaje waliyoyaandika? Hapo wengi hunyamaza.

Pengo hilo linakuhusu. Anayekariri nadharia bila kujua ilivyopatikana huigeuza sheria. Mama akieleza jambo la mwanawe, mtaalamu huyo hasikilizi; jibu analo tayari kwenye daftari.

Mfano mzuri wa kufundishia uko karibu, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa letu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada, alikwenda Kampala pamoja na mumewe. Kabla ya hapo alifanya kazi London na daktari John Bowlby, aliyechunguza madhara ya mtoto kutenganishwa na mama. Ainsworth alitaka kuwachunguza watoto wa Kiganda wanaopelekwa kwa bibi wakati wa kuachishwa kunyonya. Vijijini akakuta desturi hiyo imefifia. Akabadili swali lake, akaanza kuangalia jinsi mtoto mchanga anavyojenga uhusiano na mlezi wake.

Alifuatilia watoto 28 wa familia 26, akiwatembelea kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, yeye na mkalimani. Awali aliamini mtoto humpenda mama kwa sababu ndiye anayemlisha. Watoto wakamwonyesha zaidi ya hapo: hutambaa kwenda kuchezea vitu, hugeuka kumtazama mama, hurudi kwake wakiogopa. Waliotulia zaidi, kwa kawaida, walikuwa wa akina mama wanaotambua haraka dalili za mtoto na kumwitikia. Akina mama hao pia walimweleza mtoto wao kwa undani, bila kusubiri kuulizwa. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1967, na leo matokeo yake yanafundishwa duniani kote.

Mwanafunzi aelezwe na upungufu wake. Watoto 28 ni wachache, na wataalamu wa baadaye wamehoji kumtazama mno mama, wakati kwetu mtoto hulelewa pia na bibi, shangazi na dada zake. Mama anayewahi dagaa Mwaloni Kirumba alfajiri, mtoto akabaki na bibi, asihukumiwe kwa aya moja ya kitabu. Swali la msingi ni kama mtoto huyo ana mtu anayemjua na kumwitikia.

Ndiyo maana tunawaomba wakufunzi watenge muda wa kusimulia maisha ya waasisi hawa: walikotoka, walichokosea, na nani aliwafumbua macho. Mwanafunzi anayejua kwamba mtafiti mkubwa aliketi akawasikiliza akina mama wa kijijini atajifunza naye kusikiliza.

Nawe mzazi, ukifika kliniki usione haya kueleza. Sema mtoto analala vipi, nini humtisha, nani humtuliza. Ukiona ameacha kucheka, hakutazami usoni au hajali nani yupo karibu naye, mpeleke kituo cha afya mapema. Unayoyajua kuhusu mwanao ni sehemu ya uchunguzi.