Barua kutoka Santos kwa Wakulima wa Kahawa wa Bungoma na Kitale

Kwenu wazazi, ndugu na jirani zangu wa Cheptais, Kimilili, Kiminini na Endebess.

Nawaandikia kutoka Santos, bandari inayopakia sehemu kubwa ya kahawa ya Brazili. Nataka tuzungumze habari za bei, maana nasikia bado kuna wanaowauzia mabroka kahawa ikiwa ingali maua mtini, kwa bei ambayo broka ameitaja mwenyewe.

Wazee wetu wanaikumbuka Chepkube. Mwaka 1976 na 1977 soko lile dogo la mpakani lilijaa fedha, kahawa ya Uganda ikivushwa usiku kwa punda na vichwani mwa watu. Magendo yale husimuliwa kana kwamba ni Idi Amin peke yake aliyeyaleta. Kweli, chini ya utawala wake mkulima wa Uganda aliambulia kidogo mno. Lakini bei yenyewe ilipandia huku. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Julai 1975, jalidi iliunguza karibu mibuni yote ya Paraná, jimbo lililokuwa nguzo ya kahawa ya Brazili. Ratili moja ya kahawa, ambayo kabla ya hapo haikuwa ikifika dola moja kwenye soko la New York, ilipita dola tatu mwaka 1977. Ni wangapi pale Chepkube waliojua kwa nini mizigo yao ilikuwa inagombewa? Aliyejua alikuwa mnunuzi.

Mambo hayo yamejirudia mbele ya macho yetu. Mwaka 2024 ukame uliibana Brazili, nchi inayotoa takriban theluthi moja ya kahawa yote ya dunia. Desemba ya mwaka huo rekodi ya 1977 ikavunjwa, na Februari 2025 ratili ikavuka dola nne. Safari hii habari hazikuwa siri ya mtu yeyote.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Mkulima wa huku Brazili, jimbo la Minas Gerais, hangoji broka amwambie thamani ya jasho lake. Shirika la serikali liitwalo Conab hutangaza makadirio ya mavuno ya kahawa mara nne kwa mwaka. Kituo cha Cepea, cha Chuo Kikuu cha São Paulo, hutoa bei ya kahawa kila siku ya kazi. Wizara ya biashara nayo huweka wazi takwimu za kila mwezi za kilichouzwa nje, kiasi gani na kwa nchi gani. Yote haya husomwa bure, hata na mtu aliye Kitale mwenye simu na bando.

Msiichukue bei ya New York kana kwamba ndiyo yenu. Kahawa yenu ya Mlima Elgon huuzwa kwa ubora wake katika mnada wa Nairobi, na kabla pesa haijamfikia mkulima kuna makato ya kiwanda, ya usagaji na ya usafirishaji. Lakini bei ya dunia huonyesha soko linaelekea wapi. Hatari ya jalidi huku ni Juni hadi Agosti, kabla mavuno yenu makubwa hayajakolea. Mnao muda wa kusikia na kuamua.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vya ushirika: kila kiwanda kiwe na ubao, na kila wiki karani aandike bei ya mnada wa Nairobi, bei ya New York, na neno moja kuhusu hali ya hewa ya Brazili. Vijana waliomaliza shule na wamekaa nyumbani wapewe kazi hiyo. Gharama yake ni chaki na bando. Ubalozi wetu ulioko Brasília uombwe taarifa za soko kwa barua rasmi ya chama, na kaunti zote mbili ziulizwe maofisa wao wa biashara wanamsomea nani takwimu hizi.

Nanyi wanachama, mkutano mkuu ukiitishwa, msiishie kuuliza malipo yatatoka lini. Ulizeni kahawa iliuzwa siku gani, kwa bei gani, na siku hiyo soko lilikuwa wapi. Karani asiye na jibu apewe wiki moja alilete.