Meno ya Kahawia na Tiketi ya Guangzhou



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili alinijia ofisini kijana mmoja wa parokia yetu, ambaye kazi yake ni kuwaongoza watalii wanaoshuka Kreta ya Ngorongoro. Mkononi alikuwa na kadi za mchango. Nilidhani ni harusi, nikaanza kumpongeza. Akacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, kama tufanyavyo wengi wetu tuliozaliwa huku, akasema: "Hapana, Padre. Ni meno." Ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja jina, kwa kuwa anajua hayuko peke yake.

Mpango wake ulikuwa huu. Rafiki yake anayefuata bidhaa Guangzhou, ule mji mkubwa wa kusini mwa China wanakonunua wafanyabiashara wetu wengi, amemwambia kwamba huko hubandikwa vigamba vyeupe vya kauri juu ya meno, na kwamba baada ya juma moja mtu hurudi nyumbani akiwa na meno kama ya watangazaji wa televisheni. Kijana amekwisha kuuza ng'ombe wawili, ameahidiwa mkopo na chama chao cha akiba, na kilichobaki alitaka nikitangazie mchango kanisani.

Sikumcheka, wala sikumkemea kwa kupenda uzuri. Mimi mwenyewe nina meno hayo. Nilipofika seminari, wenzangu wa mikoa mingine waliniuliza kama navuta tumbaku, na mmoja alinishauri kwa upole ninunue mswaki. Katika picha ya daraja langu la upadre nimefumba mdomo kana kwamba ninazikwa. Kwa hiyo ninaelewa maana ya kusimama kila siku mbele ya wageni wenye kamera, ukieleza habari za faru huku ukihesabu ni mara ngapi wametazama mdomo wako. Hata hivyo nilikataa kutangaza ule mchango, na ninadhani ninyi mnastahili kujua sababu.

Kwanza tuseme wazi kwamba meno haya si uchafu. Eneo letu limekaa juu ya miamba ya volkano, na maji yanayopita katika miamba hiyo huyeyusha madini ya floraidi. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajengwa ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni mpaka kama miaka minane, hutoka na meno yenye madoa, na yakizidi hutoka yenye vishimo na kumeguka. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mwaka 1974, kwa sababu ya uhaba wa maji, Tanzania ilikubali kwa muda kiwango cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Kiwango hicho kimeshushwa baadaye, lakini sisi tulikwisha kuota meno.

Sasa nirudi kwenye safari. Nilimwuliza kijana: ni daktari gani wa meno amekutazama? Hakuna. Alikuwa amemwuliza mwuza simu. Nikamwambia kwamba vigamba vile havibandikwi juu ya jino hivi hivi kama vigae juu ya saruji. Mara nyingi jino hukwanguliwa kwanza tabaka lake gumu la nje, na tabaka hilo likiondoka halioti tena. Kigamba chenyewe hakidumu milele. Baada ya miaka kumi, kumi na mitano hivi, hubadilishwa, na huo ni mzigo wa kurudia mpaka uzeeni. Tena jino lililoharibiwa sana na floraidi halishiki gundi vizuri kama jino zima. Kwa upande mwingine, madoa mepesi yaweza kupunguzwa kwa kung'arisha au kwa kusugua tabaka jembamba sana la juu, na kazi hiyo haihitaji pasipoti. Madaktari wa meno wamefunzwa Muhimbili kwa miongo mingi, na meno ya Kaskazini si mageni kwao.

Kama baada ya kupimwa bado ataamua kwenda China, sitamzuia, maana fedha ni yake na mdomo ni wake. Lakini aende kama mtu mzima anavyokwenda. Katika Guangzhou kuna hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, na kuna pia vyumba vya ghorofani vyenye picha nzuri mlangoni. Tofauti ya hivyo viwili ni kubwa. Apeleke picha za eksirei mapema na aombe mpango wa tiba kwa maandishi, na gharama yake, kabla ya kukata tiketi. Awe na mkalimani anayejua maneno ya tiba, si yule wa kupatana bei ya viatu. Asipange safari wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia Januari au Februari, wala juma la kwanza la Oktoba, kwa kuwa ni siku za mapumziko. Na wakati wa yale maonyesho makubwa ya biashara ya Aprili na Oktoba vyumba vya wageni hupanda bei. Huko watu hulipa karibu kila kitu kwa simu, basi ajiandae. Na mwenye kuhitaji jino la kupandikizwa kwenye mfupa ajue kwamba mfupa huhitaji miezi kadhaa kupona kabla jino halijavishwa juu yake: hiyo mara nyingi ni safari mbili. Kigamba kikibanduka akiwa Karatu, nani atakirudisha? Swali hilo alikuwa hajaliwaza kabisa.

(Akifika huko, Jumapili asikose kwenda Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lile la mawe lililojengwa karne ya 19. Waafrika wengi husali hapo.)

Lakini kilichonifanya nikatae mchango ni jambo jingine. Kijana huyu anaikimbilia China kana kwamba Wachina hawajawahi kuona meno ya kahawia. Wameyaona, tena kwa mamilioni ya watu. Katika jimbo la Guizhou, wanavijiji walikausha mahindi na pilipili juu ya moto wa makaa ya mawe ndani ya nyumba, moshi ukajaza floraidi katika chakula chao. Kwingineko iliwapata kwa maji ya visima. Serikali yao haikuwapeleka wanavijiji wote kubandikwa kauri. Iliwajengea majiko yenye bomba la kutoa moshi nje, ikabadilisha vyanzo vya maji. Kama tunataka kununua kitu kutoka China, kwa nini tusianze na hilo?

Kijana wetu ana binti wa miaka miwili. Nilimwuliza mtoto anakunywa maji gani. Akasema ya kisima kile kile, lakini wanayachemsha. Wapendwa, kuchemsha huua vijidudu, na endeleeni kuchemsha. Floraidi haichemki ikaondoka. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki na kuzidi ukali. Nikamwuliza kama makande yanapikwa kwa magadi. Akatabasamu tena nyuma ya kiganja. Magadi yetu, hayo yatokayo Ziwa Natron, hulainisha maharage haraka na kuokoa kuni, ninajua, mama yangu aliyatumia. Lakini nayo yana floraidi, na mtoto huila katika kila sahani. Upande wa Arumeru wako watoto ambao si meno tu yaliyoharibika, hata miguu imepinda. Kituo cha Ngurdoto huko huko Arumeru kimeonyesha kwa miaka mingi jinsi mkaa wa mifupa ya ng'ombe unavyochuja floraidi, na maji ya mvua, ambayo huwa karibu hayana floraidi kabisa, yanatiririka kutoka bati la kanisa letu kila masika na kuchimba korongo njiani.

Yule binti ana miaka sita hivi ya kuokolewa. Babake hana tena hata siku moja. Ndiyo maana siwezi kusimama altareni nikaomba shilingi zenu kwa ajili ya meno yaliyokwisha kuota, wakati watoto wetu wa chekechea wanakunywa kikombe kile kile kilichotuharibu sisi.

Halmashauri ya parokia imekubali tuweke mifereji upande wa bati la kusini na tangi la lita elfu kumi, maji yake yawe ya kunywa ya chekechea tu, si ya kufulia nguo za kwaya. Fundi anakuja Jumatano kupima. Kijana amepata miadi Muhimbili mwezi ujao. Ng'ombe aliokwisha kuuza hawarudi, lakini ule mkopo hajauchukua. Kadi zake za mchango aliziacha mezani kwangu. Upande wa nyuma ni mweupe, na ameniruhusu tuandikie humo majina ya watakaochangia tangi. Jina la kwanza ameliandika yeye.