GARI LA NYUMBANI: Kushusha Gari Si Kukata Springi

Katika kambi na vituo vya polisi hakosekani kijana aliyepata gari dogo lililokwisha tumika, naye akatamani lilale chini hata bampa likaribie kugusa lami. Tamaa hiyo si dhambi. Kila mtu hupenda chombo chake kipendeze. Lakini gari hilohilo ndilo litakalompeleka mama kliniki na watoto shuleni. Yafaa basi mwenye gari akijue vizuri kile anachotaka kukigusa kabla hajashika spana.

Mtindo huu ulikuzwa California, Marekani, hasa na vijana wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1958 sheria ya jimbo hilo ilikataza gari lililogeuzwa lisiwe na sehemu yoyote iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre aliweka katika Chevrolet Corvette yake mitambo ya mafuta, yaani haidroliki, ya aina iliyotumika katika ndege. Gari likaweza kushuka kwenye maonyesho na kupanda tena mara askari anapotokea. Bila shaka wasomaji walio polisi watatabasamu. Katazo hilo liliondolewa kwa sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024.

Gari lililosifika sana katika mtindo huo ni Chevrolet Impala ya mwaka 1964. Gurudumu lake la mbele hushikwa na mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, na kazi ya springi ni kubeba uzito tu. Springi ikiondolewa na silinda ya mafuta ikawekwa mahali pake, gurudumu bado lina washikaji wake wote wawili.

Magari mengi madogo ya leo hayakuundwa hivyo. Yanafuata ubunifu wa mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, uliotumika katika Ford Consul na Ford Zephyr zilizoonyeshwa Uingereza mwaka 1950. Katika muundo huo mkono wa juu haupo. Shokapu ndefu, iliyozungukwa na springi, imefungwa chini kwenye habu ya gurudumu na juu kwenye bodi, chini ya boneti. Shokapu hiyo hupunguza mtikiso, hubeba uzito, hushika gurudumu, na tena huzunguka pamoja nalo usukani unapokatwa. Ni nguzo na bawaba kwa pamoja.

Asidhani mtu kuwa muundo huo ni dhaifu. Peugeot 404 ilikuwa nao mbele, nayo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504, yenye muundo huohuo, ilishinda mwaka 1975 na 1978. Lakini ili mguu huo ustahimili mashimo na matuta, hapana budi uwe na nafasi ya kupanda na kushuka. Na kushusha gari ni kuipunguza nafasi hiyo.

Gari likishushwa mno, shokapu hufika mwisho wake upesi, na kila shimo huipiga bodi moja kwa moja. Mkono wa chini nao hupinda kuelekea juu, gurudumu likainama vibaya kwenye kona, na gari likayumba kila linapopita tuta. Tairi huliwa upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari hapaoni mpaka waya zitokeze. Anayekata springi kwa msumeno ili aokoe fedha huongeza hatari nyingine: gurudumu linaponing'inia, springi fupi hulegea na yaweza kuruka kutoka mahali pake.

Njia iliyo afadhali ni mifuko ya hewa. Hii si ile inayofumuka kwenye usukani gari linapogongana, bali ni mifuko ya mpira mzito inayoizunguka shokapu fupi badala ya springi. Kompresa hujaza tangi, na dereva hupandisha au kushusha gari kwa vali. Maadamu hewa hubonyea, mfuko wenyewe huwa springi, na kwenye njia mbaya gari hurudishwa kimo chake cha kawaida. Kila mfuko uwe na bomba lake. Mifuko ya kushoto na kulia ikiunganishwa, kwenye kona hewa hukimbia kutoka upande uliolemewa kwenda upande mwepesi, gari likalala zaidi. Kadhalika mfuko usisuguane na tairi, wala usikaribie bomba la moshi.

Mafuta hayabonyei kama hewa. Yasipowekewa mitungi midogo ya gesi ya naitrojeni, gari huwa gumu kama mkokoteni. Pampu zake huhitaji betri kadhaa kwenye buti, nazo zikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Na gari la mguu wa MacPherson likirushwarushwa, pigo lote huenda kwenye bati lililoshika kichwa cha shokapu, nalo halikuundwa kwa kazi hiyo, huweza kupasuka. Kwa gari la jamaa, basi, hewa ni bora kuliko mafuta.

Yeyote atakayeifanya kazi hii ashike kanuni hizi:

1. Asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa hewa, mafuta au jeki peke yake. Aweke stendi za chuma, na watoto wakae mbali.

2. Asifungue nati ya juu ya shokapu kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua.

3. Asitafute tundu la bomba la mafuta kwa kidole. Mafuta yenye shinikizo kubwa hutoboa ngozi. Aliyechomwa apelekwe hospitali mara moja, hata kidonda kikiwa kidogo kama cha sindano.

4. Gari likiwa chini kabisa, akate usukani mpaka mwisho pande zote mbili, atazame kama kuna kinachogusana. Kisha alaimenti ifanywe gari likiwa katika kimo cha kuendeshwa, si kile cha maonyesho.

5. Kabla ya kulipa chochote, aulize kwa mkaguzi wa magari na kwenye kampuni ya bima kama mabadiliko hayo yanakubaliwa.

Mwisho, mume na mke wakae wapige hesabu pamoja. Ikiwa fedha zinatosha nusu ya vifaa tu, springi za kiwanda zibaki mahali pake mpaka nusu ya pili ipatikane. Wahenga walisema, mchezea zuri, baya humfika.