Mchango wa utafiti wa usonji: majibu kwa wanaokataa

Mchango ukiitishwa kwa ajili ya utafiti wa usonji, watu wa Kasongo na Kabambare, waliobaki nyumbani na waliotawanyika hadi Bujumbura na Brussels, wana sababu zao za kukataa. Nyingine zimetokana na machungu ya kweli. Hata hivyo hazisimami.

"Usonji ni mambo ya Wazungu." Daktari Leo Kanner aliueleza huko Marekani mwaka 1943, na wengi wamebaki hapo. Mwaka 2016 mtafiti Mpaka na wenzake wa Kinshasa walichapisha habari za watoto 450 waliopelekwa kliniki za matatizo ya ukuaji wa ubongo: karibu 3 kati ya 10 walikuwa na usonji, na wengi wao walikuwa na kifafa pia. Hao ni wale ambao wazazi wao walipata nauli na kliniki ya kwenda. Huku kwetu mtoto akifika miaka minne hasemi, huitwa bubu, au mchawi, ingawa sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto ya 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

"Chanjo ndiyo inayouleta." Hapa sitapita haraka, maana uvumi huu unaua. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield aliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto 12, akiihusisha chanjo ya surua na usonji. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Denmark ilifuatilia watoto 657,461, na matokeo ya 2019 yakaonyesha kwamba chanjo ya surua haikuongeza usonji hata kidogo. Sisi tuna sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Lancet hiyohiyo, mwaka 1981, ilichapisha kazi ya Mradi wa Kasongo, uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Waliulizwa wazazi wa Kasongo, wakahesabiwa watoto wa Kasongo, na dunia ikajifunza. Surua yenyewe haijaisha: mlipuko ulioanza 2019 ulikuwa umeua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo kufikia Januari 2020.

Anayetoa aulize pesa yake inalipia swali gani. Alison Singer, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa shirika la usonji la Autism Speaks, alijitoa humo mwaka 2009 kwa sababu hakutaka michango iendelee kulipia swali la chanjo lililokwisha kujibiwa, akaanzisha Autism Science Foundation.

"Pesa za utafiti zinaishia Ulaya." Mara nyingi ni kweli, na malalamiko haya ni ya haki. Lakini dawa yake ni kuchagua, si kufunga mfuko. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa mradi wa NeuroDev wamechunguza watoto wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji pamoja na familia zao, palepale. Shirika la Afya Duniani, likisaidiwa na Autism Speaks, limetengeneza mafunzo ya walezi: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu nyumbani, yakiongozwa na mtu asiye daktari bingwa. Mama anafundishwa kukaa chini usawa wa macho ya mtoto, kufuata mchezo anaouanza yeye, na kungoja kidogo kabla ya kumsemea. Kazi hiyo muuguzi wa kituo cha afya Kabambare anaiweza, akifundishwa.

"Tumalize malaria kwanza." Hoja hii ndiyo naiheshimu kuliko zote, maana nani hajazika mtoto wa malaria? Ila malaria na usonji havijatengana kama tunavyodhani. Utafiti wa Kilifi umeonyesha kwamba watoto wanaopona malaria ya ubongo wanaweza kubaki na kifafa au shida ya kusema. Mwaka 2006 watafiti waliofanya kazi Tanzania waliripoti watoto ambao dalili za usonji zilijitokeza baada ya malaria kali. Je, ni malaria iliyoleta dalili hizo, au ilimkuta mtoto tayari anazo? Swali hilo haliwezi kujibiwa Boston wala London. Linahitaji watoto wa mahali penye mbu, wauguzi wa kuwafuatilia miaka kadhaa, na watu wa kulilipia, tukiwemo sisi.