"As long as" ilivyomnyang'anya binamu yangu shamba

Simama stejini Kitale asubuhi ukingoja matatu ya Bungoma, na utasikia neno "bora" mara kumi kabla gari halijajaa. "Panda, bora uko na nauli." "Weka hiyo gunia hapo, bora isizibe mlango." Makanga hasemi kwamba kitu kimoja kinashinda kingine kwa uzuri. Anakuwekea sharti. "Bora" yake ndiyo "as long as" ya Kizungu, na hakuna abiria asiyemwelewa. Shida huanza tukitoka steji na kushika kalamu.

Binamu yangu, kijana kama wewe, alikodi ekari moja upande wa Kiminini apande mahindi. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kwa daftari, tena kwa Kizungu, maana tumejiaminisha kwamba Kizungu ndicho chenye uzito. Sentensi iliyobeba mambo yote ilikuwa hii: "He will use the land as long as he pays." Wakatia sahihi, wakanywa chai, kila mtu akashika njia yake.

Msimu wa kwanza haukuwa na neno. Alilipa, akalima, akavuna. Januari akalipia trekta, akasomba mbolea ya ng'ombe kwa mkokoteni, akaanza kungoja mvua ya Machi. Ndipo mwenye shamba akaja.

"Kijana, mtoto wangu amerudi. Nataka shamba."

"Lakini mzee, si tuliandikiana? Na pesa ya msimu huu iko tayari."

"Ulilipa, ukavuna. Yetu yaliisha."

Sasa wewe niambie, nani alikuwa mwongo hapo? Mimi nasema hakuna. Hiyo "as long as" ina kazi kadhaa. Kuna ile ya kupima urefu, kamba hii na ile, ambayo haijawahi kumkosanisha mtu na jirani. Kuna ya muda: wakati wote ambapo jambo fulani linaendelea. Na kuna ya sharti, ile ya makanga. Binamu alisoma muda, kwamba shamba ni lake kulima siku zote atakazokuwa akilipa. Mzee alisoma sharti, kwamba msimu ni huu mmoja, usipolipa hulimi. Kizungu chenyewe kinawakubalia wote wawili.

Tena hicho kitenzi "pays" ndicho kilichomaliza kazi. Mwalimu alitufunza, na hakukosea, kwamba baada ya "as long as" kitenzi hukaa katika wakati uliopo hata ukizungumzia mwaka ujao. Sawa, lakini "pays" ni kulipa mara moja ama kila msimu? Karatasi ilinyamaza, na mbolea ilikuwa tayari shambani.

Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa Kiswahili uone kama utaweza kujificha. "Atatumia shamba mradi alipe." Hilo ni sharti. "Atatumia shamba maadamu analipa." Hapo kuna kitu kinachoendelea, leo na kesho. Alipe, analipa: kitenzi kinakulazimisha uchague upande. Ni kweli "mradi alipe" haijasema hadi lini, lakini angalau binamu angeshtuka na kuuliza.

Najua, wengi wetu tukisikia "mradi" tunafikiria mradi wa maji wa kaunti. Na "maadamu" tunaiachia wazee wa Pwani. "Bora" ndiyo imebaki kubeba kila kitu. Mimi si wa kuipiga marufuku. Stejini iendelee tu. Lakini kwenye karatasi ni mtego mwingine, kwa sababu mpe Mtanzania "bora alipe" na huenda akaelewa kwamba ni heri alipe, yaani unampa ushauri.

Na usiniambie mkataba wa Kiswahili hauna nguvu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Sheria ya Mikataba inataka makubaliano ya haki za ardhi yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na awepo shahidi. Haijataka yawe ya Kizungu. Kama mwenye shamba ameshikilia Kizungu, mwambie akueleze kila sentensi kwa Kiswahili mbele ya shahidi kabla hujashika kalamu.

Binamu baadaye alipata shamba lingine huku Bungoma, upande wa Chwele. Akaniita niandike mkataba, nami kwa fahari zangu nikaandika "maadamu analipa". Mama mwenye shamba akausoma mara mbili, akainua macho.

"Kijana, hii maadamu yako inaishia Disemba ama itanizika?"

Tukafuta. Tukaandika: hadi mahindi ya mwaka huu yavunwe, na kodi yote ilipwe kabla trekta haijaingia.